Kuogelea si uhuni

Huku kwetu Katindiuka, Ifakara, mwezi wa Julai asubuhi huwa na baridi ya kutetemesha. Maji ya mto Lumemo, yateremkayo kutoka milima ya Udzungwa, huuma hata mifupa. Na wakati huo ndipo vijana huitana, wakajitosa, wakashindana kuvuka, wakatoka wakicheka huku meno yanagongana. Wenzao wa huko pwani kwenu hushika vipande vya mbao wakapanda mawimbi ya kusi. Wakirudi nyumbani hupokewa kwa bakora: "Wahuni hawa!"

Uhuni uko wapi? Ikiwa wamekwisha sali Alfajiri, na wamejisitiri baina ya kitovu na magoti, wamevunja hukumu gani? Imamu Nasai amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja mambo manne yasiyohesabiwa kuwa upuuzi, na kujifunza kuogelea ni mojawapo. Wewe umchapaye mwanao kwa jambo hilo, sheria yako umeitoa kitabu gani?

Utasema, "Naogopa atakufa maji." Hofu hiyo ni ya haki, wala sikucheki. Lakini bakora haikaushi mto. Masika Lumemo hufurika ukaingia majumbani, ukamfuata mtoto huko huko ulikomficha. Nanyi wa visiwani bahari ndiyo njia yenu. Spice Islander ilizama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikafuata Skagit karibu na Chumbe. Sisemi kuogelea kungaliwaokoa wote. Ajali i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na dhambi ya kujaza chombo kupita kiasi ni ya aliyekijaza. Lakini mtoto wa kisiwani asiyejua hata kuelea, tumlaumu nani?

Tena mtoto aliyekatazwa haachi, hujificha. Huenda na wenziwe wasiojua kitu, pahala pasipo mtu mzima wa kuwaonyesha mkondo, na baridi ikamkaza misuli katikati ya maji. Hapo ndipo anapokufa, na aliyempeleka huko ni bakora yako. Watazame Wandamba wa bonde hili, wavuvi na watu wa mitumbwi: hawamfichi mtoto mto, humfundisha.

Na binti je? Hapa waungwana hukunja nyuso. Huko Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea hali wamevaa vazi la kuwasitiri mwili mzima. Afundishwe na mwanamke, mbali na macho ya wanaume, basi. Au maji yakija yatamsamehe kwa kuwa ni mwanamke?

Likizo ijayo, baba, ukitoka msikitini fuatana nao. Wewe utangulie kupima kina. Chukua kanga kavu za kuwafunikia na birika la chai ya tangawizi. Na mto Kilombero wenyewe waachieni wavuvi. Ule una mamba.