Sauti ya mzee kwenye flashi: albamu ya X Plastaz ina nini kwa vijana wa Mpanda?

Kijana mmoja wa Makanyagio, hapa Mpanda mjini, alikuja redioni na flashi mkononi akiomba wimbo wake upigwe. Anachana kwa Kiswahili juu ya mdundo uliotengenezwa kwenye kompyuta, na kila baada ya ubeti inaingia sauti ya mzee akiimba Kisukuma, maneno machache yaleyale yakijirudia. Wimbo ni mzuri, na kwa hapa kwetu ni kitu kipya, kwa sababu vijana wengi wanaotuletea kazi wanataka wasikike kama wanatoka Dar es Salaam. Tukamuuliza, huyu mzee ni nani? Hajui. Sauti aliikata kutoka kwenye memori kadi ya kaka yake, ambayo ilijazwa nyimbo kwenye kibanda kimoja karibu na stendi.

Mpaka tunaandika makala hii wimbo huo haujapigwa hewani. Kabla ya kueleza kwa nini, turudi kwanza Arusha, ambako jaribio la namna hii lilifanywa kabla kijana huyu hajazaliwa na likazaa albamu ambayo wapenzi wa hip hop ya Kiswahili bado wanaizungumzia: Maasai Hip Hop ya kundi la X Plastaz, iliyotoka mwaka 2004.

Koo badala ya ngoma

X Plastaz walianza Arusha katikati ya miaka ya 1990. Hip hop ya Kiswahili ilikuwa changa bado. Dar es Salaam ilikuwa imeshuhudia mashindano ya Yo Rap Bonanza mwanzoni mwa muongo huo, Saleh Jabri ameshawaonyesha watu kwamba mdundo wa Kimarekani unaweza kubeba maneno ya Kiswahili, na Kwanza Unit walikuwa wanachanganya Kiingereza na Kiswahili. Karibu kila kitu kilitazama Marekani: mavazi, majina, hata namna ya kushika maiki.

Arusha ilikuwa mbali na studio na redio za Dar es Salaam, na huenda umbali huo ndio uliowasaidia. Wachanaji wakuu walikuwa Nelly, Ziggy na Gsan. Wakaingia Steve na Diny, waliokuwa wadogo zaidi kwa umri. Kisha akaja Yamat ole Meipuko, ambaye hakuwa mchanaji kabisa. Yeye alikuwa mwimbaji wa Kimasai, na alipanda jukwaani akiwa na shuka na sauti aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Kwa asili uimbaji wa Kimasai hauna ngoma. Kiongozi, anayeitwa olaranyani, anatangulia kwa sauti ya juu, na wenzake wanamjibu huku wakitoa mngurumo wa koo unaokwenda na pumzi, ndani na nje, ndani na nje. Mngurumo huo ndio unaoshika mwendo, na miguu ya wanaoruka inaufuata. Mtu aliyekulia kwenye hip hop akiusikia anatambua jambo analolijua: kupiga mdundo kwa mdomo, kama walivyofanya vijana wa mitaa ya New York pale ambapo hapakuwa na mashine. X Plastaz waliona kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu. Katika sehemu nzuri za albamu yao, koo la Kimasai na mdundo wa kompyuta vinasukumana, na mchanaji anapita katikati. Hata ukiipiga leo kwenye spika ya bodaboda, bado inasikika tofauti na chochote kilichotoka mwaka ule.

Kasoro zipo. Mara nyingi Kimaa kinaachiwa kiitikio, na hadithi yenyewe inasimuliwa kwa Kiswahili. Kwa msikilizaji wa Mpanda asiyejua Kimaa, sauti ya Yamat inabaki kuwa rangi nzuri isiyomwambia kitu. Jina la albamu nalo lina mtego wake. Ukilisoma unategemea Wamasai wanaochana, lakini ukisikiliza unakuta sehemu kubwa ni Kiswahili cha mtaani cha Arusha. Kampuni iliyoitoa, OutHere ya München, Ujerumani, mwaka huohuo ilitoa pia mkusanyiko wa nyimbo za Bongo Fleva kwa wasikilizaji wa nje. Kwa mnunuzi wa Ulaya neno Maasai halihitaji maelezo. Jina la mtaa wa Arusha lingehitaji ukurasa mzima. Mwandishi wa makala hii, akilazimishwa kuchagua wimbo mmoja, atachukua Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki, ambao swali lake lilikuwa zito kwa kijana wa Arusha wa wakati ule na ni zito kwa kijana wa Nsemulwa leo, na halitegemei shuka la mtu yeyote.

Kuiga na kualika

Miaka hiyohiyo kulikuwa na Mmasai mwingine kwenye redio zetu. Mr Ebbo, aliyefariki dunia mwaka 2011, aliteka nchi nzima kwa wimbo wa Mi Mmasai, akichana Kiswahili kwa lafudhi ya Kimasai. Wimbo ulichekesha, ulikuwa na ujumbe, na ulipigwa kila kona. Hapa Mpanda watu wazima wanaoukumbuka ni wengi kuliko wanaoikumbuka X Plastaz, na hilo lisifichwe.

Lakini njia zao zilikuwa mbili tofauti. Mr Ebbo alifanyia kazi lafudhi, yaani jinsi Mmasai anavyosikika masikioni mwa Watanzania wengine. X Plastaz walichukua muziki wenyewe, na walimchukua pamoja na mtu wake. Yamat alikuwa na jina kwenye kundi, alisafiri na kundi, na aliimba mbele ya watu akiwa hai. Angeweza kusema hapa mmekosea, hapa wimbo hauimbwi hivyo. Sauti iliyokatwa kutoka kwenye memori kadi haina uwezo huo.

Mafanikio ya X Plastaz yalikuwa makubwa zaidi nje kuliko nyumbani. Walizunguka Ulaya wakipiga majukwaani, na mwaka 2009 Gsan alichana kwa Kiswahili katika tuzo za hip hop za kituo cha televisheni cha BET cha Marekani. Nelly hakuyaona hayo, kwani aliuawa mwaka 2006. Nyumbani soko lilikuwa limeshahamia kwenye Bongo Fleva laini ya mapenzi.

Kuna watakaosema hilo ni ushahidi kwamba muziki wenye asili ya kabila hauuziki Tanzania. Saida Karoli ni jibu la kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mama huyo wa Kagera aliimba Kihaya, na nchi ambayo wengi wake hawajui Kihaya iliimba naye. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa Salome, waliurudia wimbo wake wa Maria Salome, na kizazi ambacho hakikuwepo kikamfahamu upya. Msingi uliotoka kijijini ulibeba wimbo mkubwa wa mjini miaka 15 baadaye, na kila aliyeusikia alijua ni wa nani.

Tulicho nacho hapa

Mkoa wa Katavi ulitangazwa rasmi mwaka 2012 baada ya kugawanywa Rukwa, lakini watu wake ni wa zamani na wametoka pande nyingi. Kuna Wabende, Wapimbwe na Wakonongo ambao ardhi hii ni ya babu zao. Kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe na majembe ya kukokotwa, ambao sasa wako Mpimbwe, Mlele, Nsimbo na Tanganyika. Katumba na Mishamo kuna familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, ambazo wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, na bado kuna nyumba ambako bibi anasimulia kwa Kirundi na mjukuu anajibu kwa Kiswahili. Kwa kijana anayetaka kujaribu hip hop isiyofanana na ya mwingine, mikoa michache ina ghala kama hili.

Nyimbo za Kisukuma ndizo zenye soko tayari. Simama kwenye kibanda chochote cha kujaza nyimbo siku ya mnada utaona wafugaji wakipanga foleni na simu zao. Manju wa Kisukuma ni mtunzi, kiongozi wa ngoma, na mara nyingi ni mgomvi wa maneno. Desturi ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana baada ya mavuno kuona nani atavuta watu wengi, ina karne zaidi ya moja. Manju anamjibu manju mwenzake, anamtaja, anamkejeli, anajisifu. Ukimweleza mtu hivyo bila kutaja Usukuma atadhani unazungumzia wachanaji wawili wa Temeke. Kwa hiyo kijana wa Makanyagio hakukosea alipoona vitu hivi vinakwenda pamoja. Sikio lake liko sawa.

Shida ni mzee asiye na jina.

Sheria inasemaje

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha mambo ambayo vijana wengi wanayachanganya. Kuna sanaa za jadi, zile ambazo jamii imerithishana bila mtunzi mmoja anayejulikana. Hizo sheria imezitengea sehemu yake, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo lenye mamlaka ya kutoa ruhusa zinapotumika kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Halafu kuna wimbo uliotungwa na mtu. Manju aliyetunga wimbo wake ni mtunzi sawasawa na msanii wa Dar es Salaam mwenye meneja. Haki yake inaanza pale wimbo unapotungwa, awe amesoma au hajasoma, awe amejiandikisha au bado. Na mwimbaji aliyerekodiwa ana haki juu ya sauti yake, hata kama maneno ni ya mababu.

Watu wa vijijini mara nyingi wanadhani wimbo ukiwa wa kabila basi ni wa kila mtu. Watu wa studio nao wanapenda dhana hiyo, kwa kuwa inawapunguzia kazi. Lakini nyimbo nyingi zinazouzwa vibandani hazina hata miaka kumi, na watunzi wake bado wanalima.

Fedha zenyewe zimeanza kuwa jambo la kweli. Januari 2022 Taasisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wa muziki. Gawanya kwa wasanii wote wa nchi, si fedha ya kujenga nyumba. Hata hivyo mgawo unafuata kumbukumbu: wimbo gani, umepigwa wapi, wa nani. Wimbo ambao mmiliki wa nusu yake ni "mzee fulani" unaingia kwenye hesabu ukiwa na kasoro. Kijana akiusajili peke yake, kila shilingi itakayokuja atakuwa anakula na ya mzee. Asipousajili, wote wawili hawapati.

Na sisi wa redio tusijitoe. Tunapopiga wimbo bila kuuliza sauti ni ya nani, tunakuwa kibanda kingine cha stendi, tofauti ni mnara tu. Ndiyo sababu tuliomba kijana akamtafute mzee kwanza. Wapo wenzetu walioona tunamkatisha tamaa. Hoja yao ina uzito: kijana hana nauli ya kuzunguka vijijini, na wanaomsikia wangempenda. Lakini wimbo ukishatoka na kuenea kwenye simu, hakuna wa kuurudisha.

Alianza na mwenye kibanda. Mwenye kibanda alizipata nyimbo kwa muuzaji mwingine wa mnadani, na muuzaji huyo akakumbuka kwamba zilitoka upande wa Majimoto. Kijana alipanda lori la mizigo, akaulizia siku mbili, akampata. Alitupigia simu akiwa huko. Mzee yuko hai, ana jina, ana kikundi, na bado anatunga. Alisikiliza wimbo wote kwenye simu, akaomba urudiwe, kisha akauliza kwa nini kipande kimekatwa katikati. Maneno yale aliyaimba kumjibu manju mmoja wa upande wa pili, na yakisimama peke yake, bila mstari unaofuata, yanamsifu mpinzani.

Wamekubaliana mzee aimbe upya, safari hii na mstari wake wote. Hela za studio bado wanazitafuta.