Oda ya nyati mmoja haina mnunuzi wa pili

Dukani kwangu hapa Arusha, kwenye rafu ya juu karibu na saa ya ukutani, kuna kiko cheupe kilichochongwa kwa umbo la kichwa cha nyati. Pembe yake ya kulia ni nusu. Kila mteja anayekishika huniuliza swali lile lile: "Mzee, mbona unauza kitu kilichovunjika?" Namweleza kwamba hakijavunjika, kimechongwa hivyo kwa makusudi. Hucheka, hukirudisha mahali pake, kisha hununua twiga wa mpingo na kwenda zake.

Nimeona niwasimulie wafanyabiashara wenzangu wadogo, na wakulima pia, habari za kiko hiki, maana kosa nililolifanya naliona likirudiwa kila siku na mafundi seremala, mafundi cherehani, wachongaji na hata wenye mashamba ya mboga.

Mwaka 2011 mgeni mmoja aliingia dukani akiwa ametoka Ngorongoro. Alinionyesha picha aliyompiga nyati dume mzee, mwenye pembe iliyokatika. Akasema anataka achongewe kiko cha mirishamu chenye sura ya nyati yule, si nyati mwingine. Nilipomwambia kwamba ninavyo vipande vichache vya jiwe la Sinya nilivyoachiwa na marehemu mjomba wangu, alifurahi kama mtoto. Tukakubaliana bei kwa mdomo, tukapeana mikono, akaahidi kurudi baada ya wiki tatu akitokea Zanzibar. Hakuacha hata senti moja. Nami sikuomba. Niliona haya kumdai mgeni fedha kabla sijampa kitu.

Kwa wasiolijua, mirishamu ni jiwe jeupe, laini na jepesi. Wajerumani waliliita povu la bahari, na kweli likikauka huelea juu ya maji kwa jinsi lilivyojaa vitundu vidogo vidogo. Vitundu hivyo ndivyo vinavyolifanya lifae kwa kiko, au mtemba kama wasemavyo wazee wengine. Linahimili moto, linanyonya majimaji ya tumbaku, na moshi hufika mdomoni ukiwa mkavu na umepoa. Binafsi sivuti, na simshauri mtu avute, kwani madhara ya tumbaku yanajulikana. Lakini biashara ni biashara, na viko vingi vya aina hii siku hizi huishia kwenye kabati la kioo la mtu ambaye naye havuti.

Jiwe hili tunalo wenyewe. Lilichimbwa Sinya, ambako sasa ni wilaya ya Longido, mpakani na Kenya, ng'ambo tu ya Amboseli. Enzi za Tanganyika kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ilikuwa ikitengeneza viko hapa hapa Arusha na kuviuza nje. Jina moja la biashara lilikuwa neno letu la Kiswahili, "Kiko", na alama yake ilikuwa tembo. Leo mashimo ya Sinya yameachwa, na viko vile vinatafutwa na watu wanaokusanya vitu vya zamani. Ukivitazama vile vilivyobaki utaona kwamba vingi ni vya umbo la kawaida, vingine vimevishwa ngozi, na vingi ni vya mti uliotiwa jiwe kwa ndani tu. Tembo alikuwa kwenye mhuri. Nadra kumkuta akiwa ndiye kiko chenyewe.

Wenzetu wa Eskişehir, Uturuki, walikwenda njia nyingine. Kule jiwe hutolewa ardhini kwa mashimo marefu, likiwa katika mabonge yaliyofunikwa udongo. Zamani mabonge hayo yalisafirishwa yakiwa ghafi na kuchongwa Vienna, na Vienna ndiyo iliyopata sifa na fedha. Katika miaka ya 1970 Uturuki ilipiga marufuku kusafirisha mabonge ghafi ili kazi ya kuchonga ibaki nyumbani. Wapo wanaosema marufuku hiyo ndiyo dawa, nasi tuige kwa kila kitu tunachochimba na kuvuna. Mimi nasema marufuku peke yake isingetosha. Kilichowainua ni kwamba walikuwa na watu wenye mikono ya kuchonga, wanaoweza kupokea picha ya farasi, simba au mbwa wa mteja aliye nchi ya mbali, wakaitoa ikiwa kiko kinachovutika. Kiko cha kawaida kinashindana na viko elfu vya mashine. Kiko cha mbwa wa bwana fulani hakina mpinzani.

Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye shimo nililotumbukia.

Nilimpa kazi mchongaji mmoja hodari wa mpingo. Naye, kama mimi, hakuuliza mengi. Mpingo ni mgumu, unahitaji nguvu. Mirishamu huloweshwa kwanza majini mpaka iwe laini, ndipo kisu kipite. Mwenzangu aliichonga ikiwa kavu. Siku ya tatu pembe ya kushoto, ile nzima, iliruka na kipande cha sikio. Tukawa na nyati asiye na pembe hata moja ya maana, na jiwe la mjomba likawa changarawe. Kipande cha pili tukakilowesha. Safari hii kazi ilikwenda vizuri, ingawa ilimchukua siku tisa badala ya nne tulizopiga hesabu.

Kumchonga mnyama awe kiko si sawa na kumchonga awe pambo la mezani. Ndani ya kichwa kile lazima uchimbe tundu la tumbaku, na chini yake lipite tundu jembamba la moshi, likutane na lile la juu mahali pake hasa. Ukikosea kidogo, moshi hautoki. Ukuta wa tundu ukiwa mwembamba unachoma kiganja na kupasuka, ukiwa mnene mvutaji anabeba jiwe kwa meno. Kila kinachochomoza ni hatari. Mkonga wa tembo ukiuacha ukining'inia utakatika safarini, kwa hiyo mchongaji mwenye akili huukunja ukashikana na kidevu. Pembe za nyati huzilaza zikafuata fuvu. Waturuki wana umbo moja la zamani, kucha za tai zilizokamata yai, na nadhani limedumu kwa sababu hiyo: yai ndilo tundu la tumbaku, nene na la mviringo, na kucha zimelikumbatia bila kuchomoza popote. Pembe za ndovu halisi usizifikirie hata kidogo. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na tembo wa mirishamu apewe pembe za mirishamu.

Mwisho kiko hukaushwa, hupigwa msasa na kuchovywa kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nta kama ile ya wafugaji nyuki wa Tabora na Singida. Nta ndiyo inayokifanya kibadilike rangi kadiri kinavyovutwa, kutoka nyeupe hadi manjano, kutoka manjano hadi kahawia. Mgeni wangu alilijua hilo. Alisema anataka kumwona nyati wake akizeeka.

Hakurudi. Wiki tatu zikapita, miezi mitatu ikapita. Barua pepe niliyomwandikia ilijibiwa mara moja tu, kwamba safari yake ilibadilika na atanijulisha. Mchongaji nilimlipa shilingi 80,000 zake kwa sababu yeye hakuwa na kosa, na watoto wake hawali ahadi za mgeni. Mdomo wa kiko nilikuwa nimeuagiza Nairobi. Jiwe halikuwa na bei, maana Sinya hawachimbi tena.

Sasa ningekuwa nimechonga nyati wa kawaida, ningemuuzia mgeni wa pili, au wa kumi. Lakini oda maalumu ina tabia moja mbaya: kadiri unavyoifanya vizuri kwa mteja mmoja, ndivyo inavyozidi kutofaa kwa wengine. Kile alichokipenda yeye, ile pembe nusu, ndicho kinachowafukuza wenzake.

Wakulima wa maharage machanga ya kusafirisha nje wanaielewa hesabu hii kuliko mimi. Ukipanda mahindi na mnunuzi akakukimbia, utapeleka sokoni, utasaga, utakula. Ukipanda maharage machanga yaliyopimwa urefu na unene wake kwa ajili ya ndege ya usiku, na siku ya kuchuma mnunuzi asitokee, utawalisha ng'ombe. Soko la hapa haliyataki kwa wingi ule. Ndiyo maana nasema anayeagiza kitu ambacho hakina mnunuzi mwingine lazima abebe sehemu ya hatari kabla jembe au patasi haijainuliwa.

Nasikia wenzangu wakisema kwamba ukidai advansi mteja atakwenda kwa jirani. Huenda. Mimi naona mteja anayekimbia kwa sababu ya advansi alikuwa atakimbia tu, tofauti ni kwamba safari hii amekimbia kabla hujakata jiwe. Wachongaji wengi duniani wanaopokea oda huomba malipo ya awali, na mteja mzoefu wala hashangai. Atakayeshangaa ni wewe mwenyewe, siku ya kwanza utakapoomba na akatoa pochi.

Kiasi gani? Kwangu mimi advansi isipungue gharama ya jiwe, mdomo wa kiko na ujira wote wa mchongaji. Faida yangu ndiyo ingoje. Mteja akipotea, nimepoteza muda na nafasi kwenye rafu, lakini hakuna aliyelala njaa.

Na fedha si yote. Siku hizi kabla sijapokea oda ya mnyama nataka picha tatu, ya mbele, ya ubavuni na ya juu, maana picha moja ya mbele haikuonyeshi shingo. Nauliza kama kiko kitavutwa au kitawekwa kabatini, urefu wake kwa sentimita, na kama mteja ana haraka. Namweleza kwamba jiwe linaweza kuwa na ufa ndani usioonekana mpaka kisu kiufikie, na tunaandika nani atabeba hasara hiyo. Mnyama akishatokea kwa umbo, kabla ya macho na manyoya kuchongwa, namtumia picha kwa simu. Hapo anaweza kusema sikio ni kubwa mno. Akishajibu kwamba sawa, hakuna kugeuka.

Kuna na suala la ukweli. Jiwe letu kwa kawaida ni zito kuliko la Uturuki, na mara nyingi si jeupe vile. Kuna pia mirishamu ya kubandikwa, yaani vumbi na vipande vilivyogandishwa kwa gundi, ambayo kwa macho ya mgeni inafanana na bonge zima. Wapo wanaouza hii kwa bei ya ile. Ni sawa na kuchanganya mahindi mapya na ya mwaka juzi ndani ya gunia moja na kushona mdomo. Mteja wa oda maalumu hununua mara moja, lakini ana marafiki wanaopenda vitu vile vile anavyovipenda, na hao ndio soko lako lote.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja akitaka kiko cha kichwa cha punda wa baba yake, punda aliyekuwa na sikio moja lililolala. Nilimwandikia bei, advansi na muda. Aliisoma karatasi, akanyanyua macho rafuni, akauliza kuhusu nyati. Nikamsimulia. Alihesabu fedha mezani palepale, akaongeza elfu tano, akasema hiyo ni pole ya pembe.