Bendi Haizikwi na Mwimbaji

Siku moja ya mnada Katesh, mlima Hanang ukiwa umejifunika wingu hadi kiunoni, kijana anayeuza nyimbo kwa flashi alikuwa amefungulia spika yake hadi ikasikika kule walikofungwa ng'ombe. Ukapigwa wimbo wa zamani wa JUWATA Jazz. Wazee watatu waliokuwa wakinywa chai kwa mama lishe wakanyamaza, mmoja akawa anagonga meza kwa vidole kufuata gitaa. Wimbo ulipokwisha, kijana akaweka mwingine wa bendi hiyo hiyo, wa miaka ya karibuni, ilipokuwa imeshaitwa Msondo Ngoma. Vidole vikasimama.

"Zima hiyo, mwanangu," mzee akasema. "Msondo ilizikwa na Moshi William. Hao waliobaki wanakula jina tu."

Wenzake wakakubali kwa vichwa. Kijana akaubadilisha wimbo kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha.

Kauli hiyo nimeisikia Dongobesh, nimeisikia Haydom, nimeisikia ndani ya basi la kutoka Mbulu mjini kwenda Babati. Watu wanaitamka kwa uhakika ule ule wanaosemea kwamba jua huchomoza mashariki: bendi ni mwimbaji wake. Akifa, akistaafu au akihama, bendi imekwisha, na anayeshika kipaza sauti baada yake ni mwizi wa jina. Wazee wangu nawaheshimu, na nyimbo hizo nimezipenda pamoja nao. Lakini kauli hiyo si ya kweli, haijawahi kuwa ya kweli, na inaumiza watu.

Tuanze na huyo huyo Moshi William. Bendi anayoliliwa nayo ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA, ikaitwa NUTA Jazz. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, mwishowe Msondo Ngoma. Sauti iliyoitambulisha tangu mwanzo ilikuwa ya Muhidin Maalim Gurumo. Mwaka 1978 Gurumo aliondoka, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park Orchestra, ile tunayoiita Sikinde. Hassan Bitchuka, sauti nyingine kubwa ya bendi ile, naye alihamia huko.

Kwa hesabu ya wazee wa Katesh, JUWATA Jazz ilipaswa kuzikwa hapo. Haikuzikwa. Ilitafuta waimbaji wengine, na katika miaka ya 1980 akaingia Moshi William. Yaani huyu tunayemlilia leo kama mwenye bendi aliingia akiwa mrithi. Alisimama mahali walipokuwa wamesimama wengine, mbele ya watu waliokuwa bado na sauti ya Gurumo masikioni. Kama wapenzi wa wakati ule wangezima redio kwa sababu aliyekuwa akiimba si yule waliyemzoea, Moshi William tusingemjua. Alipofariki mwaka 2006, tungekuwa hatuna wa kumlilia.

Na Gurumo mwenyewe je? Kutoka Mlimani Park alikwenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwenye bendi aliyokuwa ameihama. Shaaban Dede aliimba JUWATA, akaimba Mlimani Park, akaimba Bima Lee, na alipofariki Julai 2017 alikuwa Msondo. Hivi ndivyo muziki wa dansi ulivyoishi nchini kwetu: waimbaji walihama, bendi zikabaki. Zile enzi tunazoziita za dhahabu zilikuwa enzi za kupokezana kipaza sauti.

Rudi nyuma zaidi, nenda Morogoro. Salum Abdallah ndiye aliyeianzisha Cuban Marimba na kuipa sauti. Mwaka 1965 akafa kwa ajali ya gari. Huyo hakuwa mwimbaji tu, alikuwa mwasisi. Bendi ikashikwa na Juma Kilaza, ikaendelea kutoa nyimbo, na wengi wetu tuliolelewa na redio tulimjua Kilaza kabla hatujamjua Salum Abdallah. Hakuna mtu mzima anayethubutu kusema Juma Kilaza alikula jina.

Basi imani hii imetoka wapi? Mimi naamini huku kwetu imeletwa na umbali. Mtu wa Dar es Salaam aliziona bendi kwa macho kila mwisho wa wiki. Alimwona mwimbaji akiugua na mwingine akisimama mahali pake, alimwona mpiga besi akihama, alimwona kijana akijaribiwa ukumbini usiku wa Jumamosi. Sisi wa Mbulu na Hanang tulizipokea bendi kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumbani betri zilianikwa juani juu ya tembe ili zipate nguvu za kutufikisha kwenye kipindi cha jioni. Wimbo tuliousikia ulikuwa umerekodiwa studio siku moja, ukahifadhiwa, ukapigwa miaka na miaka bila kubadilika hata pumzi. Tukaamini kwamba utepe ule ndio bendi. Bendi yenyewe ilikuwa inaishi, inazeeka, inazika watu wake na kuajiri wengine, nasi hatukuwepo kuiona.

Tuusikilize sasa wimbo wenyewe, tena polepole. Unaanza kwa magitaa: solo, rizimu, besi. Tarumbeta na saksofoni zinaingia kufungua mlango. Ndipo waimbaji wanapoingia, na mara nyingi si mmoja, ni wawili watatu wanaopokeana na kuitikiana. Beti zikiisha wimbo unachemka, na kwenye chemko hilo mwimbaji anarudi nyuma, kazi inabaki ya solo, ya midomo ya bati na ya tumba. Yule mzee wa Katesh hakuwa akigonga meza kwa kufuata maneno. Alikuwa akifuata gitaa. Na gitaa la solo la Msondo kwa miongo mingi lilikuwa mikononi mwa mtu yule yule, Said Mabera, aliyekuwa kwenye bendi tangu miaka ya 1970. Waimbaji wamepita mbele yake mmoja baada ya mwingine, yeye akiwashonea wimbo. Ukisema bendi ilikufa na mwimbaji, umemfuta Mabera, umewafuta wapuliza tarumbeta, umemfuta mpiga tumba, umeifuta kazi ya maisha yao kwa sentensi moja.

Jambo hili sisi wenyewe tunalijua vizuri, ila tunalisahau tukifika kwenye dansi. Kila parokia na kila usharika wa wilaya hizi mbili una kwaya. Binti anayeanzisha wimbo akiolewa Karatu, Jumapili inayofuata anasimama mwingine na watu wanaitikia. Hakuna Mkristo aliyewahi kusema kwaya imekufa, au kwamba huyu binti mpya anakula jina la kwaya. Mzee anayeongoza slufay, ile dua ndefu ya kishairi ya Wairaqw, hasemi peke yake; waliokaa humwitikia. Mzee huyo akifariki, hatuizikii slufay kaburini mwake. Anainuka mwingine mwenye ulimi, naye tunamwitikia. Kwa nini tunachowapa watu wa kanisani na wazee wetu wa mila tunawanyima wanamuziki wa dansi?

Watu wa muziki wa roki huko ughaibuni nao wamepita njia hii. AC/DC ya Australia ilimpoteza mwimbaji wake, Bon Scott, Februari 1980. Wenzake wakamchukua Brian Johnson, na Julai mwaka huo huo wakatoa Back in Black, albamu iliyouza kuliko zote walizowahi kutoa. Karibu zaidi na kwetu, Unguja, kuna Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Waanzilishi wake wote wametangulia mbele ya haki, na waimbaji waliowafuata, na waliowafuata hao. Taarabu ya Ikhwani Safaa ingali inapigwa.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Ziko bendi zilizokufa kweli baada ya kiongozi kuondoka. Super Volcano haikufika mbali baada ya Mbaraka Mwinshehe kufariki Mombasa mwaka 1979. TP OK Jazz ya Franco ilijikongoja miaka michache baada ya kifo chake mwaka 1989, kisha ikasambaratika. Lakini tuulize kilichoziua. Bendi iliyokuwa mali ya mtu mmoja haikuwa na mrithi kwa sababu haikuandaliwa mrithi. Na OK Jazz haikukosa waimbaji hata siku moja, ilikuwa nao tele. Ilivunjika kwa kutoelewana juu ya mapato kati ya wanamuziki na familia ya marehemu. Hayo ni magonjwa ya umiliki na fedha. Ukiyaita kifo cha sauti, utampa mgonjwa dawa isiyo yake.

Wapo pia wanaobandika jina kubwa kwenye bango, wakaja na watu wawili na kinanda, wakachukua viingilio. Hao ni matapeli na waitwe hivyo. Ndiyo maana bendi inayoendelea ina wajibu. Iseme wazi nani anaimba. Mwimbaji mpya apikwe ndani ya bendi hadi azijue nyimbo mifupani. Itunge nyimbo mpya, isile za marehemu pekee. Na jasho la watunzi waliofariki lilipwe kwa familia zao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuandikwa kuwa pambo. Mrithi naye asijilazimishe kuwa kivuli. Tazama wakimbiaji wetu. Wilaya ya Mbulu ilimtoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia mguu. Miaka 10 baadaye Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Shahanga hakukimbia kwa miguu ya Akhwari. Alikimbia kwa yake.

Kinachonikera zaidi katika imani hii ni ukatili wake, unaovaa nguo za mapenzi. Ukisema bendi ni mtu mmoja, umemnyima mtu huyo haki ya kupumzika. Gurumo aliimba kwa takriban nusu karne. Alistaafu mwaka 2013, mwili ukiwa umeshachoka, na Aprili 2014 akafariki. Hakufika hata mwaka mmoja wa kukaa barazani kama mstaafu. Alipostaafu, Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, ndiye aliyemzawadia gari. Tuliodai kwamba hakuna wa kushika nafasi yake tulikuwa wapi? Tulikuwa tunamtaka apande jukwaani, aimbe tena.

Upande wa pili tumemfungia mlango kijana. Yupo Haydom au Bashay, kwenye mashamba ya vitunguu saumu, mwenye sauti ya kutosha kuimba dansi. Amesikia maisha yake yote kwamba walioimba wamekufa na wanaoimba ni wezi. Kwa nini ajifunze? Kwa nini bendi ya Dar es Salaam ifunge safari ya kuja Katesh au Mbulu, ikiwa wapenzi wake wakubwa wameshaisomea matanga? Halafu tunalalamika kwamba muziki wa dansi unakufa.

Mzee wangu wa Katesh, mapenzi yako kwa Moshi William hayana ila, na hakuna anayekuomba umsahau. Ila kumbuka kwamba ulimpata kwa sababu kuna watu waliompa nafasi ya kuimba baada ya mwingine. Mnada ujao kijana wa flashi akikuwekea Msondo ya waimbaji usiowajua, usimwambie azime. Uache wimbo ufike kwenye chemko, kisha utoe hukumu. Ukiwa mbaya, useme ni mbaya. Lakini usiuhukumu kwa jina la aliyezikwa.