TAHARIRI: Serikali Inapofunga Milango, Sisi Tunabaki na Nani?

Tangu harakati za mageuzi zianze nchini mwetu, tumezoea kulalamika juu ya serikali inayotumia nguvu kupita kiasi. Tumelalamika juu ya rungu la askari, juu ya uchaguzi wa mlolongo, juu ya majarida yaliyopigwa marufuku na waumini waliopigwa ndani ya kanisa. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo ipo hatari nyingine ambayo hatujaipa uzito unaostahili, nayo ni ya serikali inayoacha kufanya kazi. Fedha husimama, ofisi hufungwa, dawa hulala ghalani, na mama wa Laini Saba au wa Gatina huambiwa arudi wiki ijayo, ilhali ugonjwa wake haujui wiki ijayo.

Leo tunawauliza viongozi wa vikundi, wazee wa makanisa na wanajumuiya wa Kibera na Kawangware swali moja: milango ya serikali ikifungwa kesho asubuhi, huduma ipi mliyo nayo itaendelea hadi kesho kutwa?

Tusidhani kwamba jambo hili ni la kubuni. Mnamo Septemba 2020, nchi ikiwa bado katikati ya janga la korona, Baraza la Magavana chini ya mwenyekiti wake wa wakati huo, Gavana Wycliffe Oparanya wa Kakamega, lilitangaza kwamba shughuli za kaunti zingesimamishwa kuanzia tarehe 17 ya mwezi huo. Maseneta walikuwa wamevutana kwa miezi kadhaa juu ya mfumo wa kugawa fedha baina ya kaunti 47, na shilingi bilioni 316.5 zilikuwa zimekwama. Hospitali za kaunti ziliagizwa zisilaze wagonjwa wapya. Ilipofika tarehe 17 maseneta wakakubaliana, na dhoruba ikatulia. Wengi wetu tulishusha pumzi, tukasahau. Lakini wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia, na nyasi haikuwa imealikwa kwenye kikao chochote kati ya vile vilivyoshindwa kuafikiana.

Miaka mitano baadaye pigo lilitoka mbali zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90, na kabla ya wiki kwisha mashirika yaliyotegemea fedha hizo yaliamriwa kuacha kazi mara moja. Tarehe 10 Machi ilitangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, imefutwa, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 shirika lenyewe lilikuwa limekwisha. Mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, ulioanzishwa mwaka 2003, ulikuwa nguzo kuu ya matibabu ya Wakenya zaidi ya milioni moja wanaoishi na virusi. Katika majuma yale dawa zilizokwisha kununuliwa na kufika nchini zilikwama ghalani, kwa kuwa fedha za kuzisambaza zilikuwa zimesimamishwa. Wahudumu walipoteza kazi bila hata muda wa kuwaaga wagonjwa wao. Serikali iliyofunga dirisha lake ilikuwa ya ng'ambo, lakini waliobaki gizani walikuwa ni watu wetu.

Tena asidhani mtu kwamba utajiri ni kinga. Huko huko Marekani, serikali kuu ilifungwa kwa siku 43, tangu tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba 2025, kwa sababu wanasiasa hawakuafikiana juu ya matumizi. Msaada wa chakula wa mamilioni ya familia maskini ulivurugika, na watu wakaenda kupanga foleni kwenye maghala ya chakula ya makanisa na ya vikundi vya hisani. Ikiwa hali ni hiyo kwenye nchi yenye hazina nene kuliko zote duniani, sisi wa mitaa ya mabati tunangoja nini?

Iko pia namna nyingine ya kufunga milango, ambayo wanamageuzi tunaijua vyema, nayo ni pale serikali inapoufunga mlango wa shirika lenyewe. Mwaka 1988 jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilipigwa marufuku kwa kusema ukweli juu ya uchaguzi wa mlolongo. Mwaka 1995, licha ya kwamba vyama vingi vilikuwa vimekwisha kurudi, Mwangaza Trust na CLARION zilifutiwa usajili. Desemba 2014 mashirika zaidi ya 500 yalifutwa kwa tangazo moja. Mwaka 2015 akaunti za MUHURI na HAKI Africa za Mombasa zilifungwa, hata mahakama ilipoingilia kati. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi, zamu ikawa ya Tume ya Haki za Binadamu ya KHRC na ya AfriCOG. Utawala ulibadilika, marais walibadilika, Katiba ilibadilika. Kishawishi cha kuufunga mlango wa anayesema kweli hakikubadilika.

Ndugu wasomaji, njia hizi mbili zina mwisho mmoja. Fedha zikikatwa kwa uzembe au usajili ukifutwa kwa chuki, anayeumia ni yule yule: mgonjwa, mjane, mtoto wa chekechea, kijana aliye rumande bila wakili. Kwa hiyo maandalizi nayo ni yale yale, na kwa maoni yetu hayahitaji wataalamu kutoka mbali.

Kwanza, kila kikundi kiandike kwenye karatasi moja huduma zake zote, na mbele ya kila huduma kiandike fedha zake zinatoka wapi na zitatosha siku ngapi zikikatwa leo. Kisha zitenganishwe huduma ambazo zikisimama mtu atakufa au ataumia, na zile zinazoweza kungoja. Dawa ya kila siku, uji wa mtoto na hifadhi ya msichana aliyekimbia dhuluma haviwezi kungoja. Semina ya hotelini na fulana zenye maandishi zinaweza. Ni aibu kwamba mara nyingi fedha zikipungua tunaanza kukata uji.

Pili ni akiba. Akina mama wa vyama vya mzunguko vya Kawangware hawakufundishwa na mfadhili yeyote kuweka shilingi hamsini kando kila juma. Wanajua kwamba akiba haiozi na haba na haba hujaza kibaba. Shirika lenye mhasibu na magari linashindwaje na jambo ambalo muuza mboga analiweza? Tunapendekeza kila kikundi kilenge akiba ya miezi mitatu kwa ajili ya zile huduma zisizoweza kungoja, katika akaunti ya peke yake, yenye watia sahihi watatu, na hesabu yake isomwe hadharani mbele ya wanachama.

Tatu ni karatasi za kisheria. Anayetaka kukufunga hutafuta kwanza ripoti ya mwaka ambayo hukuipeleka. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, baada ya kukaa kabatini kwa zaidi ya miaka kumi. Kila kikundi kijue kinasimama wapi chini yake. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema wazi kwamba usajili hauwezi kufutwa bila shirika kusikilizwa kwa haki. Lakini haki hiyo humfaa zaidi yule aliyetunza stakabadhi zake, akaweka nakala mahali pa pili, na kumjua wakili wa kumpigia simu usiku. Siri za wagonjwa zilindwe. Kila mgonjwa awe na kadi yake mkononi, ili zahanati moja ikifungwa apokelewe kwa nyingine bila kuanza upya.

Nne ni ujirani. Kanisa moja la Makina lina ukumbi, la Lindi lina muuguzi aliyestaafu, la Kabiro lina jiko kubwa, na msikiti wa jirani una kisima. Vyote hivyo vikijulikana kabla ya shida, vitatosha. Vikitafutwa siku ya shida, kila mmoja atalinda chake. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, zinajua nani ni mgonjwa katika nyumba ipi. Hakuna ofisi yenye orodha bora kuliko hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tano, watu waambiwe ukweli mapema. Mfanyakazi atakayekosa mshahara na mgonjwa atakayekosa dawa wasiwe wa mwisho kujua. Kibera ina mfano karibu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilihudumu huko kwa takriban miaka 20, na lilipoondoka mwaka 2017 lilikabidhi huduma zake kwa Kaunti ya Nairobi. Mtu anaweza kuhoji mengi juu ya yaliyofuata, lakini kukabidhi ni kitu kimoja na kutoweka usiku ni kitu kingine. Kila mradi uwe na siku yake ya kukabidhi, iliyoandikwa tangu siku ya kwanza.

Milango ikifunguliwa tena, kazi haijakwisha. Hapo ndipo wengi hukosea: fedha zikirudi, mkutano wa kwanza huwa wa kugawana magari. Mkutano wa kwanza unapaswa kuwa wa kuhesabu watu. Nani aliacha dawa, naye yuko wapi sasa? Mtoto gani hakurudi shuleni? Deni gani liliingiwa dukani kwa jina la kikundi, na litalipwa lini? Baada ya hayo ndipo iulizwe ni ufa gani ulioonekana, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wako wanamageuzi watakaotuuliza: je, kwa kuyafanya haya hatutoi udhuru kwa serikali? Mwananchi akilipa kodi kisha akajichangia dawa, si amelipa mara mbili? Swali hilo ni zito na hatutalikwepa. Ni kweli kwamba kila tunapoziba pengo kimya kimya, mtawala hujifunza kwamba pengo si lake. Ndiyo maana hatusemi tuzibe kimya. Kila sahani ya uji itolewayo kwa sababu serikali imeshindwa iandikwe, ihesabiwe, na hesabu hiyo ipelekwe kwa diwani, kwa gavana na kwa mbunge kama hati ya madai. Kumwacha mgonjwa afe ili kuiaibisha serikali si siasa, wala si imani. Kumhudumia bila kudai haki yake nako ni nusu ya upendo.

Na haki yenyewe imeandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, chakula, maji safi na elimu. Kifungu cha 219 kinaamuru fedha za kaunti zipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu. Huko Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika, wetu wakiwamo, waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kila mwaka kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Tarehe hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za makanisa yetu, kando ya ratiba ya ubatizo na harusi. Vikao vya wananchi juu ya bajeti visiachiwe wapambe wa wanasiasa.

Waliopigania vyama vingi hawakuvumilia gesi ya machozi ili siku moja maseneta na magavana watumie vitanda vya hospitali kama silaha ya kuvutana. Walitaka serikali inayowajibika kwa mtu mdogo. Serikali hiyo bado hatujaipata kikamilifu. Hadi tutakapoipata, tujenge kama walivyojenga watu wa Nehemia, kila mmoja sehemu ya ukuta iliyo mbele ya nyumba yake, huku macho yakiangalia lango.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, kaeni chini na ile karatasi moja. Andikeni huduma zenu, na mbele ya kila moja andikeni idadi ya siku. Mkikuta sifuri, msikate tamaa: anzeni hapo.