Bastola Kiunoni Si Kinga

Kuna hoja ambayo haikosi kuzuka katika majilisi ya walimu na katika mabweni ya wanafunzi kila magazeti yanapotangaza kwamba watu fulani wamevamiwa na majambazi. Hoja yenyewe ni hii: ikiwa jambazi huja na bunduki, kwa nini raia mwema naye asiwe na yake? Kwa nini mwenye duka anayefunga mlango saa tatu usiku, au mhadhiri anayerejea nyumbani kwa gari lake, asitafute leseni, akanunua bastola, akaichomeka kiunoni, akajihami? Hoja hii si ya kipuuzi, wala wanaoitoa si watu wenye kiu ya damu. Aghalabu ni watu waliokwisha kuonja uchungu wa jambo lenyewe, na mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata hivyo, nimeichunguza kwa muda mrefu, nami naona kwamba ina kasoro kubwa. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kasoro hiyo iko wapi.

Kwanza tuwape watetezi wa bastola haki yao. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa namna yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa watu binafsi. Haki hiyo imeandikwa kwa wino, lakini wino haumzuii mtu aliyeshika bunduki mlangoni pako. Polisi hawawezi kuwa katika kila kichochoro, na wanapoitwa huchelewa, mara nyingine kwa uzembe na mara nyingine kwa kukosa gari au mafuta. Isitoshe, tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate jijini Nairobi na kuwaua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa wenzao walikuwamo raia wenye bastola za leseni. Wapo watu walio hai leo kwa sababu ya ujasiri ule. Anayesema kwamba silaha ya raia haijapata kumwokoa mtu nchini humu hasemi kweli.

Lakini tukio la Westgate halifanani na uporaji wa kila siku. Waliokwenda kule walikwenda wakijua waendako, silaha zao zikiwa tayari mikononi, tena kwa makundi na pamoja na maafisa wa polisi. Mtu anayevamiwa na majambazi hana hata moja katika hayo. Si yeye anayechagua saa, mahali wala idadi ya maadui. Jambazi ndiye huchagua yote hayo, naye huanza mchezo bunduki yake ikiwa imekwisha kulengwa, ilhali ya mwenzake ingali imefichwa chini ya koti.

Hapa inafaa tutaje jambo linalojulikana vyema na wakufunzi wa polisi. Mwaka 1983, Dennis Tueller, afisa wa polisi katika mji wa Salt Lake City, Marekani, alichapisha matokeo ya kupima muda anaoutumia mtu mwenye kisu kumfikia mwenye bastola aliye umbali wa futi 21, yaani kiasi cha mita sita na nusu. Aligundua kwamba muda huo ni kama sekunde moja na nusu, na kwamba ndio huohuo anaouhitaji polisi aliyefunzwa kuchomoa bastola, kulenga na kufyatua. Sasa na tujiulize. Ikiwa mwenye kisu aliye umbali huo anaweza kumfikia polisi aliyefunzwa, itakuwaje kwa mwalimu ambaye hajapiga risasi tangu siku aliyopewa leseni, akiwa ameketi ndani ya gari, mkanda umemfunga kifuani, na jambazi yuko umbali wa mkono akiwa na bunduki wala si kisu?

Jirani yangu mmoja, mfanyabiashara mwenye leseni, alivamiwa nyumbani kwake usiku. Bastola yake ilikuwa kabatini, nao ufunguo wa kabati aliuficha ili watoto wasiuone. Aliitunza silaha kama inavyompasa mtu mwenye busara, na ndiyo maana hakuweza kuifikia. Majambazi waliifikia. Waliondoka na fedha kidogo, televisheni moja, na bastola ile pamoja na risasi zake. Tangu siku hiyo jirani yangu haombolezi televisheni. Linalomkosesha usingizi ni swali moja tu: je, bastola ile imeelekezewa kifua cha nani leo?

Swali lake linatufikisha kwenye jambo ambalo wengi hulisahau. Silaha ni miongoni mwa vitu ambavyo jambazi huvitamani kuliko fedha. Polisi wetu wenyewe wamewahi kuuawa kwa sababu ya bunduki walizobeba. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kwamba kufikia mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na takriban silaha 750,000, na kati ya hizo zilizosajiliwa hazikufika 10,000. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliwaamuru wote wenye leseni wakaguliwe upya, kwa kuwa ilishuku kwamba baadhi ya leseni zilitolewa kwa njia za mkato. Ukaguzi ni jambo jema. Hata hivyo, bastola iliyosajiliwa leo inahitaji kuibwa mara moja tu ili ihamie katika kundi lile kubwa lisilosajiliwa.

Mimi ni mwanaisimu, na huenda msomaji akajiuliza mtu wa fonimu na mofimu ana lipi la kusema kuhusu bastola. Ninalo. Tulitazame neno jambazi. Wanaochunguza asili ya maneno hulihusisha na lugha ya Kiajemi, ambamo jan ni roho na baz ni mchezaji. Basi jambazi, kwa asili ya neno lenyewe, ni mchezea roho. Ni mtu aliyekwisha kuiweka roho yake rehani kabla hajafika mlangoni pako. Ukimwonyesha bastola ili kumtishia uhai wake, humtishi kwa jambo jipya.

Sheria yetu yenyewe ni ushahidi wa hayo. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinaamuru adhabu ya kifo kwa wizi wa mabavu, mwizi awapo na silaha ya hatari, au aandamanapo na mwenzake, au amjeruhipo mtu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1987 hakuna aliyenyongwa nchini, na kwamba mwaka 2009 na mwaka 2016 marais waliwabadilishia maelfu ya wafungwa adhabu hiyo ikawa kifungo cha maisha. Hata hivyo sheria ingalipo. Ikiwa kitanzi hakikumzuia jambazi kutoka kwake usiku, ni kwa hoja gani tunaamini kwamba bastola asiyoiona, iliyofichwa kiunoni mwa mtu asiyemjua, itamzuia? Fauka ya hayo, sheria inayomhukumu kifo mwizi aliyeua na mwizi ambaye hakuua inampa jambazi sababu moja chache ya kukuhurumia. Akikuona unapeleka mkono kiunoni, hatasubiri kuthibitisha iwapo unatafuta bastola au kibeti.

Tuje sasa kwenye neno kujihami. Walimu wa sarufi wanajua kwamba kiambishi -ji- humrejeshea mtenda tendo lake. Anayejihami shabaha yake ni nafsi yake. Adui si shamirisho ya kitenzi hiki. Lengo ni mimi nibaki hai, si yule afe. Nadhani hakuna mwanasheria aliyeieleza haki ya kujihami kwa ufupi zaidi ya silabi hiyo moja. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba matumizi ya nguvu katika kulinda nafsi au mali yataamuliwa kwa misingi ya sheria asilia ya Kiingereza. Misingi hiyo inahitaji mambo mawili: mtu aamini kwa dhati kwamba hatari ipo wakati huo, na nguvu zinazotumika zilingane na hatari yenyewe. Katika kesi maarufu ya Palmer, iliyotoka Jamaika na kuamuliwa na Baraza la Faragha mjini London mwaka 1971, majaji walikubali kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima nguvu zake kwa mizani ya dhahabu. Huo ni ubinadamu wa sheria. Lakini walisema pia kwamba hatari ikishapita, kinachofuata ni kisasi. Palmer mwenyewe, aliyeshtakiwa kwa kumpiga risasi mmoja wa watu waliokuwa wakimfukuza yeye na wenzake, alishindwa katika rufani hiyo.

Kwa lugha ya darasani, haki ya kujihami iko katika wakati wa -na- peke yake. Jambazi ananishambulia, ninajihami. Mara anapogeuka na kukimbia, kitenzi chake huingia katika -li-, na hapo mimi nikimpiga risasi mgongoni sijihami tena. Nimeidondosha -ji- yangu, nikabaki na kitenzi kingine kabisa. Kutoka wakati mmoja hadi mwingine ni nukta moja tu, usiku, moyo ukidunda na mikono ikitetemeka. Mwenye bastola anajitwika jukumu la kuitambua nukta hiyo, na asipoitambua atasimama kizimbani akiulizwa kwa nini aliua.

Kasoro hii ya sarufi imetuenea hata sisi tusio na bastola. Tunaposoma kwamba washukiwa wanne wamemiminiwa risasi, hatuulizi kama walikuwa wakishambulia au wakikimbia. Kijana anaposhukiwa kuiba simu sokoni, akazingirwa na umati, akatiwa gurudumu shingoni na kuchomwa moto, waliomuua husema walikuwa wakijilinda. Dhidi ya nini? Mtu aliyekwisha kukamatwa hana hatari tena. Wanafunzi wetu hukua wakiyasikia maneno haya yakitumiwa hivyo, na wakishayazoea, huwa wameizoea na maana yake.

Kuna jambo jingine ambalo wenye bastola hawalitaji, nalo ni hatima ya risasi iliyokosea shabaha. Leseni ya silaha huipata mwenye uwezo, tena wengi wao huishi nyuma ya kuta za mawe. Lakini risasi inayofyatuliwa barabarani huendelea na safari mpaka ikutane na kitu. Ndani ya matatu itakutana na abiria. Katika mtaa wa mabanda itapita ukuta wa mabati kana kwamba ni karatasi, imkute mtoto anayefanya kazi yake ya shule. Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha humpima anayeomba silaha, lakini mtoto yule hakuna aliyempima wala kumwuliza iwapo amekubali kuwa upande wa pili wa bastola ya mtu mwingine.

Basi tufanyeje? Tukae tukichinjwa kama kuku? La hasha. Kinga bora ni ile inayompunguzia jambazi sababu ya kuja. Zamani mwalimu mkuu alisafiri na karo za wanafunzi katika mkoba, na barabara nzima ikajua. Karo zilipoanza kulipwa benki, mkoba ule ukawa mtupu. Tangu mwaka 2007 M-Pesa imetuondolea wengi wetu haja ya kutembea na mabunda ya noti. Ni kweli kwamba majambazi nao wamejifunza kumlazimisha mtu atume fedha kwa simu, lakini fedha zilizotumwa huacha nyayo, na noti haziachi. Taa za barabarani zinazowaka, majirani wanaojuana kwa majina, na kituo cha polisi chenye gari lenye mafuta vyote hivyo ni kinga. Havimpi mtu fahari ya kiunoni, lakini tunapaswa kuvidai kwa sauti ileile tunayoidai leseni.

Na siku jambazi akitokea licha ya hayo yote, mpe anachokitaka. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wazee wetu, ambao hawakuwa waoga, walituachia pia methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Ikiwa jambazi anataka roho yako na wala si mali, hapo pigana kwa chochote ulicho nacho. Sheria iko upande wako, na mimi pia. Lakini hali hiyo ni nadra kuliko tunavyoidhania, na hatuwezi kuijaza nchi bastola kwa ajili yake.

Walimu wenzangu wa Kiswahili wana nafasi ya kulifunza jambo hili. Wakifika kwenye somo la homonimu, nawaomba wawape wanafunzi neno kinga. Wataje maana yake ya kwanza, kitu kinachozuia madhara. Kisha wawakumbushe maana ya pili, kijinga cha moto, na methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Bastola moja ikikutana na nyingine, kila mwenye kuishika huamini kwamba ameshika kinga ya aina ya kwanza.