Kodi Iandikwe, Ujirani Udumu

Ndugu wapangaji, ndugu wenye nyumba, wenyeviti wa halmashauri za mitaa (LC) na wa mabaraza ya ustawi wa wakimbizi (RWC), akina mama na akina baba wa Nakivale na wa Mbarara,

Nawaandikia kuhusu kodi ya chumba na kuhusu watoto. Tumezoea kuyazungumza kila moja peke yake: kodi ni habari ya wakubwa, watoto ni habari ya shule. Ndani ya ua wa kupanga ni jambo moja. Baba akikuta mlango umepigwa kufuli katikati ya muhula, mtoto ndiye anayekosa mtihani. Mama akigombana na mwenye nyumba kuhusu pesa ambazo hakuna aliyeziandika, mtoto ndiye anayekatazwa kucheza na wenzake. Kwa hiyo ombi langu ni hili: kuanzia mwezi huu, kila chumba kinachopangishwa kwetu kiwe na mkataba ulioandikwa, na kila ua uwe na kikao chake cha kila mwezi. Mwenye nyumba awe mwenyeji au mkimbizi, mpangaji awe Mnyankole au Mrundi, utaratibu uwe mmoja.

Tunacholinda ni kikubwa. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianza mwaka 1958, Uganda yenyewe ikiwa bado haijapata uhuru, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda. Leo, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani Kusini, na wenyeji wa Wilaya ya Isingiro wamewazunguka pande zote. Mbarara nayo, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, imepanuka mpaka mitaa ya Kakoba, Nyamitanga na Ruti imejaa familia zilizotoka kila upande wa Maziwa Makuu. Wengi wetu tunaishi katika zile safu za muzigo: vyumba vinane vinavyotazamana, bomba moja, vyoo viwili, kamba za nguo zilizovuka ua, na ukutani mita moja ya Yaka, umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa.

Ingia katika ua kama huo alfajiri. Mama wa Kikongo anakaanga mandazi ya kuuza. Jirani yake Msomali anachemsha chai ya hiliki kabla ya kwenda dukani. Mwenye nyumba ameleta mkungu wa matoke kutoka Isingiro, na maziwa yamefika katika kidumu. Watoto wanaotoka chumba hiki na kile wanaoga kwenye bomba lile lile, wanagombea sabuni kwa Kiswahili, wanapanga mechi ya jioni kwa Runyankole, kisha wanashika njia ya shule pamoja. Hakuna aliyewafundisha kuishi hivyo, wamekua hivyo. Mtoto wa ua huu ana lugha nne kabla hajafika darasa la tano, na anajua kuvua viatu kwa jirani mmoja na kusubiri sala ya chakula kwa mwingine. Mazingira bora ya kulelea mtoto tunayo tayari. Tunachokosa ni utaratibu wa kuyahifadhi.

Na mambo yanazidi kubana. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwagawa wakimbizi katika makundi matatu kulingana na hali zao, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao wa chakula. Mwaka 2025 upungufu wa fedha ukawafanya takriban watu milioni moja kukosa msaada huo. Asiyepata mgao hutafuta kibarua, na kibarua hupatikana mjini. Ndiyo maana familia zinapanda taksi kwenda Mbarara na magodoro juu, zinatafuta chumba bila kumjua mtu. Wengine wanabaki Nakivale na kupanga vyumba karibu na biashara za Base Camp. Ardhi ya Nakivale ni ya serikali, na mkimbizi hupewa kiwanja cha kutumia, si cha kuuza. Hata hivyo vyumba vinapangishwa kila siku, na mara nyingine mwenye nyumba ni mkimbizi ilhali mpangaji ni mwalimu au muuguzi raia wa Uganda. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba huu ni ugomvi wa wakimbizi dhidi ya wenyeji. Sote tuko pande zote mbili.

Tatizo lenyewe linaanzia pale kwenye mita ya Yaka. Vyumba vinane vinachanga, mmoja ananunua umeme wa shilingi 20,000 kwa simu. Siku ya nne giza linaingia. Nani ana pasi? Nani ana friji ya soda? Nani hakuchanga? Hakuna daftari, kwa hiyo hakuna jibu. Sikilizeni maneno yanavyobadilika: dakika ya kwanza ni “wewe hukutoa pesa”, dakika ya tano ni “nyinyi Wakongo ndivyo mlivyo”, “nyinyi Wasomali mnajitenga”, “nyinyi wenyeji mnatunyonya”. Shilingi elfu mbili na mia tano zimegeuka kesi ya mataifa mawili, na watoto wamesimama mlangoni wanasikiliza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ujirani nao huisha hivyo hivyo.

Eneo letu linajua chuki ya jirani inaweza kufika wapi. Oktoba 1982, katika Wilaya ya Mbarara ya wakati ule, ambayo Isingiro ilikuwa sehemu yake, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao. Wakubwa wa mahali na vijana wa chama tawala cha UPC waliongoza, nyumba zikabomolewa, ng'ombe wakaporwa. Makumi ya maelfu walikimbia, wengine wakavuka mpaka kwenda Rwanda, wengine wakajazana katika makazi kama Nakivale, na wengi miongoni mwao walikuwa raia wa Uganda. Yale yalipangwa na wenye madaraka, hayakuzuka kwa sababu ya mita wala choo. Lakini anayetaka kuwachochea watu hutumia manung'uniko anayoyakuta. Wazazi wa leo tuna wajibu wa kuhakikisha hayapo mengi ya kuokotwa.

Sheria iko upande wetu, ila imekaa kabatini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kwenda atakako nchini, haki ya kufanya kazi, na haki ya kuingia mikataba ya kupanga mali kama mgeni mwingine yeyote aliyeko Uganda kihalali. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inawahusu wote. Inasema mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Inasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Inamtaka mwenye nyumba apangishe mahali panapofaa binadamu kuishi. Inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Pigeni hesabu wenyewe: chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi ni shilingi 960,000 kwa mwaka. Mkataba wa mwaka mmoja wa muzigo wa kawaida umeshavuka kiwango hicho. Kwa hiyo tunachoomba ni kutimiza sheria iliyopo.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tuandike. Karatasi moja inatosha. Ianze na majina ya pande zote mbili, kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa. Ieleze malipo ya awali na jinsi yatakavyorudishwa, jinsi umeme na maji vitakavyogawanywa, nani anatengeneza bati likivuja na kitasa kikiharibika, na kila upande utoe taarifa ya muda gani kabla ya kuachana. Iandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na katika nyua zetu ndicho kinachovuka mlango hadi mlango. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemwamini yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) aweke sahihi na muhuri. Nakivale, kiongozi wa RWC awepo pia. Nakala ziwe tatu.

Pili, kila malipo yawe na risiti. Mwenye nyumba asiye na kitabu cha risiti anunue daftari la kawaida, aandike tarehe na kiasi, wote wawili watie sahihi. Anayelipa kwa simu atunze ule ujumbe, asiufute.

Tatu, kila ua uwe na kikao cha mwezi. Kisiwe cha pombe wala cha hotuba. Saa moja inatosha, na ajenda zinajulikana: daftari la Yaka, zamu ya kuosha vyoo, bomba, taka, na usalama wa watoto. Wachagueni watu wawili wa kutunza daftari, mwanamume na mwanamke, wasiwe wa taifa moja. Kila ua utenge mahali pa watoto kuchezea ambapo boda haziegeshwi na jiko la mkaa haliwekwi. Na mtu mzima akimwona mtoto wa jirani barabarani saa za shule, amuulize kama angemuuliza wake.

Nne, mlango usifungwe kwa sababu ya taifa wala kwa sababu ya watoto. Mama anayezunguka Kakoba siku nzima na mtoto mgongoni, akiambiwa hapa hatutaki wakimbizi, pale hatutaki watoto wengi, usiku ule analala wapi? Mwulizeni anafanya kazi gani na atalipaje. Hayo ni maswali ya haki. Alikozaliwa si swali la kodi.

Kwenu baba na mama wenye nyumba, najua na nyinyi mna vidonda. Yupo mpangaji aliyehama usiku akaacha deni la miezi mitatu. Yupo aliyepata safari ya Marekani au Kanada akaondoka bila kuaga, akaacha chumba na mzozo wa vitu vyake. Wengi mlijenga kwa mkopo, na benki haisubiri. Basi mkataba ni ngao yenu pia. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: karatasi inayomzuia mwenye nyumba kupiga kufuli ndiyo inayompa uwezo wa kudai kodi yake mbele ya mahakama. Asiye na karatasi hubaki na maneno matupu, na maneno humpa ushindi mwenye sauti kubwa.

Wakulima wenzangu wa Nakivale, jambo hili linafika shambani. Wengi tunakodi ardhi ya wenyeji wa Isingiro msimu hadi msimu ili tulime mahindi na maharage. Mara ngapi mtu amelipa kwa mdomo, akalima, akapalilia, na mahindi yalipokomaa akaambiwa makubaliano yalikuwa ya msimu uliopita? Na mara ngapi mwenye shamba amekuta aliyekodi amevuka mpaka akalima ekari ambayo hakuilipia? Andikeni mipaka, msimu na bei, na mashahidi watembee na nyinyi mpaka kwenye kona za shamba.

Waheshimiwa wenyeviti, kazi hii haitasimama bila nyinyi. Tunawaomba mambo matatu. Barua ya utambulisho iwe na bei moja, ibandikwe ukutani, mwenyeji na mkimbizi walipe sawa. Muweke daftari la mikataba ya kijiji, ili karatasi ya mtu ikiungua au ikiloa, nakala ipatikane. Na migogoro midogo ya deni na mikataba muisikilize mapema, kwa kuwa Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya mwaka 2006 imewapa mamlaka hayo. Kesi ikiwazidi, mwonyesheni mtu pa kwenda. Mbarara kuna ofisi ya Refugee Law Project, mradi wa Shule ya Sheria ya Makerere, na wanafunzi wa sheria wenye moyo wanaweza kutusaidia kuandaa mkataba wa mfano kwa Kiswahili na Runyankole. Misikiti na makanisa yasome mkataba huo mbele ya waumini, kwa sababu humo ndimo mwenye nyumba na mpangaji huketi safu moja.

Msisubiri mradi, wala mfadhili. Daftari ni bei ya sahani ya chakula. Kalamu tunazo, watoto wetu wanajua kuandika, na viongozi wanakaa mtaa mmoja nasi. Mwisho wa mwezi huu, kabla kodi haijalipwa, kila ua uketi. Mpangaji mmoja na mwenye nyumba waanze kuandika, wengine wafuate siku ile ile. Ua uliokamilisha umsaidie jirani. Kijiji kilichokamilisha kimwalike mwenyekiti wa kijiji cha pili aje aone. Tukifanya hivyo Kakoba, Ruti, Base Camp na Kashojwa, muhula ujao mtoto atabaki katika shule aliyoanzia, na mzazi wake atajua kwa nini: yuko chini ya paa lenye mkataba, kati ya majirani waliokubaliana.