Hajatoa Hata Advansi, Miguu Yangu Inamfuata Nini?



Leo nina la moyoni, na nitalisema bila ya kufunika kombe.

Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu. Binti yake anaolewa Mfunguo Pili na anatafuta wa kumpambia ukumbi. Nikamkaribisha vizuri, nikamwambia: "Mama, leo baada ya Isha tuzungumze kwa video, nikuoneshe vitambaa na kazi nilizokwishafanya, na wewe unieleze unachokitaka." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwani wewe mwanangu huna miguu? Mfanyabiashara gani anajificha nyuma ya simu?"

Nimelibeba suali hilo wiki nzima. Hili ndilo jibu langu, na si kwa mama yule peke yake, maana maneno hayo tunaambiwa sote: wapambaji, wapiga hina, wapishi wa keki na washonaji.

Miguu ninayo. Ndiyo inayonisimamisha usiku kucha nikifunga vitambaa ukumbini. Lakini mtu ambaye hatujakubaliana kitu, hajatoa hata advansi, na pengine hata tarehe ya harusi hana, miguu yangu inamfuata nini?

Kabla sijaanza kutumia video, mwezi mmoja niliamua kuandika kwenye daftari kila safari niliyotoka kwenda "kuonana tu" na mtu. Zilikuwa safari tisa. Moja ilinipeleka Nungwi, karibu kilomita 60 kutoka mjini, na nyengine Makunduchi, mwisho wa kusini. Katika tisa hao, waliofanya kazi na mimi ni wawili. Mmoja alitaka bei yangu ili akambanie nayo mpambaji wake. Mmoja posa yenyewe ilikuwa haijajibiwa. Na yule wa Nungwi nilimkuta mlango umefungwa na simu hapokei.

Siku hiyo ya Nungwi gari iliharibika Mahonda wakati wa kurudi. Mwanangu wa darasa la pili alikaa kwenye baraza ya skuli mpaka karibu na Magharibi, mwalimu wake akimsubiri pamoja naye, kwa sababu mama yake alikuwa kando ya barabara anapungia daladala zilizojaa. Mteja hakulijua hilo. Mimi ndiye niliyemkuta mtoto amelala juu ya mkoba wake.

Basi tuache kuita jambo hili "kuonana tu". Ni kazi. Ina nauli, ina saa, ina mtoto wa kuachiwa jirani na chungu kilichozimwa kabla hakijaiva. Kazi hiyo hailipwi na mtu, na anayeifanya kila siku ni mwanamke.

Tizameni wanaume. Fundi seremala wa Mwanakwerekwe hafungi karakana yake akamfuata nyumbani kwake mtu anayeulizia bei ya kitanda. Mwenye kitanda humfuata yeye, husimama kwenye vumbi la mbao, na hakuna anayeona fundi amekosa adabu. Ila mwanamke ambaye karakana yake ni chumba cha nyuma cha nyumba yake, huyo anaonekana hana kazi. Huyo ni wa kuitwa. Akisema "tuonane kwa video kwanza", anaringa.

Kuna jambo zito kuliko nauli. Mwenzangu mmoja mpiga hina, ambaye ameniruhusu nilihadithie hili bila ya jina lake, aliitwa na kijana aliyesema dada yake anaolewa na anataka kuona mitindo. Alielekezwa nyumba ya kukodi karibu na pwani. Alipofika hakumkuta dada, hakumkuta mama, hakusikia hata sauti ya mtoto. Kijana akamwambia, "Ingia kwanza, wako njiani." Alhamdulillahi, aligeuka pale pale mlangoni na kikapu chake mkononi. Hakuguswa. Lakini alipoeleza, kitu cha kwanza alichoulizwa na watu wake ni hiki: "Na wewe ulikwenda kufanya nini huko peke yako?"

Sasa nauliza. Akenda, analaumiwa kwa kwenda. Akisema video kwanza, analaumiwa kwa kutokwenda. Afanye lipi?

Kijana yule angeombwa video, na angeombwa dada yake awepo kwenye simu, mambo yangekwisha kwa dakika mbili. Asiye na dada wa kuolewa hawezi kumleta mbele ya kamera.

Wapo watakaosema: "Lakini dada, video ni kujianika. Haya iko wapi?" Suali hilo naliheshimu, maana haya ni katika imani. Mimi si sheikh na sitoi fatwa. Najua tu kile ambacho sote tumefundishwa chuoni tangu wadogo: Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamme na mwanamke asiye maharimu wake kukaa faragha. Tukiweka mizani, kipi kilicho karibu na katazo hilo? Ni mimi niliyekaa kwangu na buibui langu, mlango wazi, mama mkwe anapepeta mchele pembeni, au ni mimi niliyeingia nyumba nisiyoijua nani aliyomo ndani? Na kamera si lazima initizame mimi. Mara nyingi naielekeza kwenye vitambaa, maua na taa, sauti ndiyo inayozungumza. Mteja ananunua mapambo, hanunui sura yangu.

Tunapenda kumtaja Bibi Khadija (R.A.) kila tunapozungumzia mwanamke na biashara. Vizuri, tumtaje mpaka mwisho. Sira inatueleza kuwa mali yake ilifika Sham na yeye mwenyewe hakupanda ngamia kuifuata. Alimwajiri Muhammad (S.A.W.), kijana aliyejulikana kwa uaminifu, akamtuma Maysara afuatane naye. Hakuna aliyemwambia Bibi Khadija kuwa biashara yake si ya kweli kwa sababu hakuonekana sokoni Sham.

Na wanaodai kuwa hakuna makubaliano mpaka kitu kiwe mbele ya macho, wakumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kwa tende ambazo bado hazijavunwa. Hakuwakataza. Aliwataka kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Ukilitizama vyema, linalotakiwa ni uwazi. Uwazi unaweza kukosekana hata mkiwa mmekaa mkeka mmoja mnakunywa kahawa.

Tena tuseme kweli kuhusu harusi zetu. Nani anayeamua? Bi harusi yuko mjini, bibi yake yuko Wete, na shangazi anayetoa fedha yuko Maskati. Ni mara ngapi nimekwenda nyumbani kwa watu, nikakaa saa mbili, tukakubaliana rangi na bei, kisha usiku unakuja ujumbe: "Shangazi amesema hapendi dhahabu, tuanze upya"? Kwa video nawaweka wote pamoja. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hivyo baada ya Isha yetu shangazi bado hajalala. Akikataa dhahabu, anaikataa pale pale, mbele ya wote. Kumbuka tu kuuliza kwanza wanatumia programu gani. Kwa mfano, kule Dubai simu za WhatsApp kwa kawaida hazipiti, na wengi hutumia Botim.

Sitaki kudanganya mtu: video haimalizi kila kitu. Rangi kwenye kioo cha simu huongopa, khasa usiku chini ya taa ya manjano. Nyeupe ya maziwa inageuka krimu, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mimi huonesha vitambaa mchana karibu na dirisha, na mteja akiwa mbali namkatia kipande nikakituma kwa gari au kwa boti. Keki haionjwi kwa simu. Gauni halipimwi kwa simu. Na ukumbi, hata mteja akiuzungusha kwa kamera nikaona milango, soketi na urefu wa dari, siku yangu ya kwenda na futi ya kupimia lazima ifike. Wapo pia wazee ambao simu zao ni za vibonye tu. Hao nawafuata kwa mapenzi yote, lakini kwa miadi, na siendi peke yangu.

Kwa hivyo sisemi nisionane na wateja. Nasema kuonana kuje mahali pake. Kwanza video, tujuane na tuelewane. Kisha naandika ujumbe wa yote tuliyoyasema: tarehe, ukumbi, rangi, idadi ya meza, bei, na siku ya kumaliza malipo. Mteja anajibu kwamba amekubali. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuhimiza tuandikiane tunapokopeshana kwa muda. Sisi tunapambiana maelfu kwa maelfu kwa neno la mdomo, kisha tunagombana mpaka kwa sheha. Baada ya maandishi, advansi. Baada ya advansi, miguu yangu ni yako. Utanikuta ukumbini kabla hujafika.

Dada zangu wa biashara, najua khofu yenu: "Nikisema video, atakwenda kwa mwengine." Huenda. Mama yule wa wiki iliyopita mpaka leo hajanipigia, na ile ilikuwa kazi kubwa, ambayo ingenitolea ada ya muhula mzima. Usiku ule nililala naye moyoni, sitakuficheni. Lakini anakwenda kwa mwengine kwa sababu huyo mwengine atakubali kukimbia bure. Tukikataa sote, atakwenda kwa nani? Tunaumizana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu akiweka utaratibu, mwenzake anamponda kwa mteja: "Huyo anajidai, mimi nakuja hapo hapo ulipo."

Na nyinyi wateja, ambao wengi wenu ni sisi sisi, maana anayepamba leo kesho anaoza: mwanamke akikwambia tuanze kwa video, usimuulize miguu yake iko wapi. Nusu saa ya bando lako ni ndogo kuliko siku nzima ya maisha yake. Ukiwa mkweli hutapoteza chochote. Utapata mtu aliyekusikiliza akiwa ametulia, anayejua mtoto wake yuko wapi.

Mama yangu, kama maneno haya yatakufikia, nambari yangu unayo. Baada ya Isha, siku yoyote. Binti awepo, na shangazi pia. Vitambaa nimekwishavikunjua.

Mwenyezi Mungu atupe rizki ya halali yenye heshima, na atulindie miguu yetu isisimame kwenye milango isiyo na kheri. Amin.